Kupima Matumizi ya Nishati ya Nyumba kwa Programu: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Nairobi

Usiku mmoja nilikaa na kompyuta, nikajaza vipimo vya nyumba yetu ya mtaa wa Utawala na vyombo vyote vinavyokula stima, kimoja baada ya kingine. Hesabu ikatoka: uniti 117 kwa mwezi. Nikamwita mke wangu aje aone. Hakuitazama skrini. Alifungua simu yake, akanisomea meseji za tokeni za miezi sita, na wastani ukawa uniti 170. "Hizo hamsini na kitu anatumia nani, Baba Wanja?"

Sikuwa na jibu, na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ninayoandika hapa ni njia niliyoifuata kulitafuta jibu hilo, na ambayo nimeitumia tangu hapo kwa nyumba za watu wengine. Utahitaji laptopu yenye intaneti, tepu ya fundi, simu, na wikendi moja: Jumamosi ya kupima, Jumapili ya kujaza.

Programu gani?

Ziko nyingi, ila mwenye nyumba wa kawaida atafika mbali kwa mbili tu. Ya kwanza ni EDGE, iliyotengenezwa na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta ya kibinafsi. Inafunguka kwenye kivinjari, kujisajili ni bure, na Nairobi imo tayari kwenye orodha yake ya miji. Kinacholipiwa ni cheti, na huhitaji cheti ili kuijua nyumba yako. EDGE hulinganisha nyumba yako na nyumba ya kawaida ya eneo hilo, kisha hukuambia umeokoa asilimia ngapi. Ili nyumba ipite, lazima iokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 upande wa utengenezaji wa vifaa vya ujenzi.

Ya pili ni Excel, au jedwali lolote la namna hiyo. Usicheke. Utaona kazi yake kwenye hatua ya sita.

Kuna pia EnergyPlus ya Idara ya Nishati ya Marekani. Nayo ni ya bure, na inakokotoa joto la kila chumba saa kwa saa mwaka mzima. Ni chombo kizuri sana, lakini kinataka mtu mwenye subira na anayejua anachokitafuta. Kama unajenga upya au nyumba yako ni tanuri kila Februari, ifikirie, ukiitumia kupitia OpenStudio, programu inayorahisisha kuijaza. Kama unataka tu kujua pesa zinaenda wapi, iache kwanza.

Neno moja kabla hatujaanza. Programu nyingi za Ulaya zimejengwa kwa ajili ya kupasha vyumba joto. Cheti cha nishati cha Ujerumani, kwa mfano, kinauliza kwanza nyumba inahitaji joto kiasi gani wakati wa baridi. Sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, na nyumba nyingi hazina hita ya chumba wala AC. Stima yetu inaishia bafuni na jikoni. Ukiichukua programu ya kule na kuijaza bila kugusa namba zilizomo, itakuandikia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Hatua ya 1: Tokeni kwanza

Fungua meseji za Kenya Power. Kila meseji ya tokeni inaonyesha tarehe, uniti, pesa yote uliyolipa, kiasi kilichokwenda kwenye tokeni yenyewe, na makato mengine. Nakili tarehe, uniti na pesa yote kwa miezi sita. Ukiweza, chagua kipindi kinachobeba Februari na Julai, maana ndiyo miezi ambayo nyumba hubadilika tabia.

Gawanya pesa yote kwa uniti zote. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya uniti moja, pamoja na kodi na tozo zake zote. Usitumie bei uliyoisikia kwenye habari.

Angalia pia uko kundi gani. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wa hadi uniti 30 kwa mwezi, wa juu ya 30 hadi 100, na wa zaidi ya 100. Kadiri unavyopanda ndivyo uniti inavyokuwa ghali, na kundi lako hutokana na wastani wa matumizi yako ya miezi iliyotangulia. Namba 100 ikae kichwani, tutairudia.

Mtego uko hapa: kununua si kutumia. Tokeni za elfu tatu ulizonunua tarehe 30 utazila mwezi unaofuata. Kwa hiyo tumia jumla ya miezi sita, usihukumu mwezi mmoja. La sivyo soma mita yenyewe tarehe ileile ya kila mwezi. Na kama umepanga na mwenye nyumba amekuwekea mita yake ndogo, bei yako ni ile anayokutoza yeye, si ya Kenya Power. Iandike hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tepu na dira

Pima urefu na upana wa nyumba kwa nje, kimo cha ukuta, na kila dirisha pamoja na fremu yake. Nyumba yetu ni bungalo ya vyumba vitatu, mita 12 kwa 8, kuta za mita 2.7. Mzunguko ni mita 40, kwa hiyo ukuta wote wa nje ni mita za mraba 108. Madirisha: mawili ya sebuleni ya 1.8 kwa 1.5, matatu ya vyumba vya kulala ya 1.5 kwa 1.2, moja la jikoni la 1.2 kwa 1.2, na mawili madogo ya bafu na choo ya 0.6 kwa 0.6. Jumla karibu mita za mraba 13. Gawanya 13 kwa 108, unapata asilimia 12.

Namba hiyo, yaani sehemu ya ukuta ambayo ni dirisha, ni mojawapo ya zile ambazo EDGE inazitaka kwa lazima. Apartimenti mpya za vioo kutoka sakafuni hadi darini hupita asilimia 50 bila mtu kushtuka, na huko ndiko joto huingilia.

Sasa dira. Dira ya simu ni nzuri, ila usiipime ukiwa umesimama dirishani. Grili za chuma zitaivuruga. Mara ya kwanza nilipima kwangu nikiwa nimeegemea grili ya sebuleni, nyumba ikageuka robo nzima na jua likawa linachomoza jikoni. Toka uani, sogea mita kadhaa kutoka kwa chuma chochote, lango likiwemo, ndipo upime.

Mwelekeo una uzito wake hapa, ingawa si ule wa vitabu vya Ulaya. Kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, jua la adhuhuri huwa juu ya utosi mwezi Machi na Septemba, upande wa kaskazini mwezi Juni, na upande wa kusini mwezi Desemba. Madirisha ya kaskazini na kusini unayafunika kwa ukingo wa paa tu. Ya mashariki na magharibi ndiyo yenye taabu, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huja limelala na kupita chini ya ukingo. Weka alama kwa kila dirisha linalotazama magharibi. Utalihitaji baadaye.

Hatua ya 3: Paa, dari, ukuta

Programu itauliza kipimo kinachoitwa U, yaani joto kiasi gani linapita kwenye mita moja ya mraba ya ukuta au paa kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kikiwa kidogo, joto linazuiwa zaidi. Hesabu yake ni rahisi: chukua unene wa kila tabaka kwa mita, gawanya kwa kiwango cha upitishaji joto cha kifaa hicho, jumlisha tabaka zote pamoja na ukinzani wa hewa ya ndani na ya nje, kisha gawanya 1 kwa jumla hiyo.

Ukuta wetu wa mawe ya machimbo ya inchi nane, umepigwa plasta ndani, unatoka karibu 3. Mhandisi wa Ulaya akiiona namba hiyo atashika kichwa. Hapa si msiba. Jiwe zito hulimeza joto la mchana na kulitoa usiku, na usiku wa Nairobi una ubaridi wa kulipokea.

Paa ni habari nyingine. Mabati matupu yana U ya karibu 7. Ukiweka dari ya jipsam ya milimita 9 chini yake, namba inashuka hadi kama 2.7. Ukitandaza sufi ya kioo, yaani pamba ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto, ya milimita 50 juu ya dari hiyo, inafika kama 0.6. Kila tabaka lina kazi, lakini tazama mruko ule wa mwisho: sentimita tano za sufi zimezuia joto kuliko ukuta mzima wa mawe.

Panda mwenyewe uchungulie kupitia mlango wa dari kabla hujajaza. Mara mbili nimeambiwa "sufi iko, fundi aliweka" na nikakuta vumbi na kiota cha panya. Angalia pia rangi ya mabati. Yenye rangi nyeupe au ya krimu huakisi sehemu kubwa ya jua, na ya kijivu cha makaa, ambayo ndiyo fasheni ya mitaa yetu siku hizi, hulinywa. EDGE ina mahali pa kujaza mng'ao wa paa. Mabati yaliyokaa miaka kumi usiyape namba ya mabati mapya.

Usisahau matundu ya hewa juu ya madirisha. Programu za nchi za baridi hudhani nyumba imezibwa kama chupa. Zetu zina matundu ya kudumu, na ndiyo maana Julai chumba hakishiki joto. Yahesabu na uyajaze jinsi yalivyo. Lakini usiyazibe kwa sababu programu imesema utaokoa kitu, hasa kama kuna mtu anayewasha jiko la makaa ndani. Moshi wa makaa usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 4: Hali ya hewa

Kwenye EDGE, chagua Nairobi, kisha ufungue jedwali la joto la kila mwezi uone linafanana na mtaa wako. Unaruhusiwa kulirekebisha. Kwa EnergyPlus, faili za hali ya hewa zinapatikana bure kwenye climate.onebuilding.org. Usichukue yoyote tu. Kituo cha Dagoretti kiko juu zaidi ya kile cha uwanja wa ndege wa JKIA kwa zaidi ya mita 150, na hiyo ni tofauti ya kama nyuzi moja. Nyumba ya Karen au Kikuyu ichukue ya Dagoretti. Sisi wa Utawala na Embakasi, ya JKIA.

Hatua ya 5: Kujaza EDGE

Chagua aina ya jengo kuwa nyumba ya makazi, jaza ukubwa, vyumba vya kulala, idadi ya watu na ghorofa. Pale inapouliza kiwango cha kipato, chagua kinachofanana na nyumba, si na ndoto. Namba hiyo inabadilisha nyumba ya kulinganishia, na ukijipandisha utapata asilimia nzuri za uongo.

Karibu kila sehemu ina namba iliyowekwa tayari na nafasi kando yake ya kuandika yako. Kanuni yangu ni moja: ninachokipima nakiandika, nisichokipima nakiacha. Kuchanganya vipimo na makisio ya kuvutia ndiko kunakoharibu kazi. Vipengele vya EDGE vilivyowekewa kinyota lazima vijazwe hata kama vinakuangusha.

Kuna jambo litakalokushangaza kwenye chati ya matokeo. Nyumba yako haina AC, lakini chati inaonyesha nishati ya kupoza. Watu wengi huacha kazi hapo wakidhani programu imeharibika. Haijaharibika. EDGE ikiona nyumba itapata joto au baridi kupita kiasi, huhesabu nishati ya kufikirika, yaani ile ambayo ungehitaji kama ungetaka kukaa vizuri ndani. Haiingii kwenye bili, ila ni taarifa kwamba watu watateseka humo, na siku moja mtu atanunua AC. Kwa bungalo yenye dari na vivuli huwa ndogo. Kwa chumba cha juu chini ya slabu tupu chenye dirisha la magharibi, si ndogo.

Hatua ya 6: Excel, na zile uniti hamsini

EDGE ina dhana zake kuhusu watu wanavyooga na kupika. Ni sawa kwa kulinganisha nyumba na nyumba, ila haitakuambia mwanao anakaa bafuni dakika ngapi. Kwa hiyo fungua jedwali lenye safu nne: chombo, kilowati, saa kwa siku, uniti kwa mwezi. Uniti ni kilowati mara saa mara siku 30.

Langu la kwanza lilikuwa hivi. Friji 30. Taa kumi za LED za wati 9, saa tano kila siku, 13.5. Televisheni 12. Pasi 15. Kisanduku cha waifai 7. Shawa ya umeme ya kilowati 5, watu wanne, dakika nne kila mmoja, 40. Jumla 117 na nusu. Tokeni zilisema 170.

Nilianza na shawa, kwa sababu ndicho chombo pekee chenye nguvu ya kutosha kuficha uniti nyingi hivyo. Nilikaa sebuleni na simu, nikapima muda tangu maji yalipoanza kusikika hadi yalipozimwa. Mimi dakika sita, mke wangu saba, kijana wetu saba, na msichana wetu mkubwa kumi na mbili. Wastani nane, si nne. Dakika 32 kwa siku mara kilowati 5 ni uniti 2.67, na kwa mwezi 80. Nilikuwa nimekosa 40 nzima hapo.

Kumi na mbili na nusu zilizobaki zilinichukua wiki. Nilizima kila kitu kwenye swichi kuu kimoja kimoja nikitazama taa ndogo ya mita inavyopepesa, na sikuona kitu. Halafu Jumamosi moja asubuhi nikasikia mngurumo nyuma ya nyumba: pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini kwenda la juu. Robo tatu za kilowati, nusu saa kila siku. Sikuwahi kuiandika kwa sababu sikuwahi kuiona kama chombo cha nyumba. Pamoja na pampu, yaani uniti 11 na kidogo, jedwali likafika karibu 169.

Tofauti ya asilimia kumi kati ya jedwali na tokeni naikubali. Ikizidi, usiendelee na hatua inayofuata. Kuna kitu hujakiandika, au kuna mtu ameunganisha waya wake kwako.

Hatua ya 7: Badilisha kimoja kimoja

Sasa jaribu mabadiliko, moja kila mara, ukiandika matokeo. Ukiweka sita kwa pamoja hutajua lipi limefanya kazi.

Kwangu EDGE ilinionyesha kwamba kuzuia joto kwenye kuta hakuleti kitu cha maana, sufi ya darini inaondoa karibu nishati yote ya kufikirika, na maji ya moto ya jua ndiyo yanayogusa bili. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu maji ya moto ya jua ziliweka kipimo cha asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Nikatumia hiyo, maana Julai ya mawingu haitoi asilimia 100. Asilimia 60 ya uniti 80 ni 48. Tuseme uniti kwa jumla ni shilingi 28: hiyo ni shilingi 1,344 kwa mwezi, 16,128 kwa mwaka. Fundi akikuambia mtambo na kazi ni shilingi 110,000, pesa inarudi baada ya karibu miaka saba. Badala ya 28 na 110,000, weka zako.

Ila kumbuka ile namba 100. Nikitoa 48 kwenye 169 nabaki na 121, bado niko kundi la juu. Kuoga dakika tano badala ya nane kunaokoa uniti 30 bila shilingi. Yote mawili kwa pamoja yananileta karibu na 100: dakika tano ni uniti 50, jua linabeba 30, nabaki na 20 za shawa na 89 za vingine, jumla 109. Bado tisa. Hizo zimetoka kwenye pasi, tunapopiga nguo zote mara moja kwa wiki badala ya shati moja kila asubuhi.

Ukinunua friji mpya, tafuta ile lebo ya nyota ya matumizi ya umeme kabla ya kuuliza bei. Kwa chombo kinachowaka mchana na usiku, nyota moja ni pesa ya kila mwezi.

Hatua ya 8: Kipimajoto

Nunua kipimajoto cha bei nafuu, ukitundike chumbani mbali na dirisha, usome saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwa wiki mbili. Kiwango cha ASHRAE 55, cha chama cha wahandisi wa Marekani wa joto na hewa ya majengo, kwa nyumba zinazopata hewa ya madirisha kina fomula fupi: zidisha wastani wa joto la nje kwa 0.31, ongeza 17.8. Hapo ndipo watu wanapojisikia vizuri, nyuzi tatu na nusu juu au chini. Mwezi wenye wastani wa nyuzi 19 unakupa 23.7, yaani kati ya 20 na 27 hivi.

Chumba chetu cha kulala kilisoma 18 asubuhi moja ya Julai na 29 alasiri moja ya Februari, kabla ya sufi. Baada ya sufi, Februari iliyofuata hakikupita 26. Asubuhi za Julai bado ni 18, kwa sababu ya matundu yale ya hewa, na kwa hilo tumeongeza blanketi.